Ombi la Umeme Usiochanganywa na wa Majirani

Kwa Meneja,
Ofisi ya Umeme,
Dirisha la Malalamiko.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na wote walio chini yako, hata yule dada wa dirishani aliyeniambia wiki iliyopita nikae kwenye benchi, kisha akaenda kula. Sina kinyongo naye. Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Nimetunza mafaili miaka thelathini na mmoja bila kupoteza hata moja, kwa hiyo najua kusubiri, na najua kulalamika kwa namba.

Nilipostaafu, wenzangu waliniaga kwa saa ya ukutani. Mimi nikajinunulia amplifaya, mashine ya kupigia santuri, na spika mbili zinazonifika kifuani. Muziki wa ujana wangu niliusikia madirishani kwa watu, nikiwa napita. Nilitaka kabla sijafa niusikie wote, mpaka pumzi ya mpiga tarumbeta. Hicho tu ndicho nilichokuwa nimebakiza kukitaka, na ndicho ninachonyimwa, kwa sababu kila nikiweka santuri, nyuma ya muziki kuna mvumo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mvumo wenyewe. Si mkubwa. Ni mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Hupanda wimbo unapopanda, hushuka unaposhuka, na kwenye kiitikio hukolea. Nilimwita mke wangu aje athibitishe. Akaja sebuleni, akafuta mikono, akakaa. Mvumo ukanyamaza papo hapo. "Mimi sisikii kitu, mzee wangu," akasema. "Labda masikio yamechoka." Aliporudi jikoni tu, ukaanza tena. Swichi kubwa ya nyumba yetu iko kwenye ukuta wa jikoni. Wewe ni mtu wa fani, sina haja ya kukueleza zaidi.

2. Fundi umeme. Huyu alinieleza kwamba amplifaya yangu inagombania waya mmoja na friji na pasi. Nikamwambia anivutie laini ya peke yake: waya mnene kutoka swichi kubwa hadi nyuma ya amplifaya, breka yake, soketi yake, na chuma cha erthi kilichopigiliwa uani, katikati ya tuta la nyanya la mke wangu. Kazi ikawa safi. Juu ya breka nikabandika karatasi: MUZIKI TU. MTU ASIGUSE. Mvumo haukupungua hata chembe. Nilipomwita tena, fundi alisimama mlangoni akasikiliza, akatazama jikoni, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, huo si wa kwangu. Huo ni wa nyumba." Akaondoka anacheka. Nakilalamikia rasmi kicheko hicho.

3. Friji. Ingawa laini sasa ilikuwa ya peke yake, friji bado ilikuwa inanguruma upande wa pili wa ukuta, na mimi simwamini mtu anayenguruma bila sababu. Nikaanza kuichomoa saa za muziki. Pasi nikaifungia kabatini. Siku ya tatu samaki wakaharibika wote. "Sasa tule santuri?" mke wangu akauliza. Nikamjibu kwamba swali lake nimelipokea na litashughulikiwa. Jioni ile hapakuwa na mvumo hata kidogo, nikadhani nimeshinda. Kesho yake hasira zikamwisha, na mvumo nao ukarudi.

4. Lalamiko hili nimelifuta. Lilimhusu shemeji, dada yake mke wangu, na nilipolisoma upya niliona halina uhusiano na umeme.

5. Jirani yangu, fundi wa kuchomelea. Jumamosi iliyopita, mke wangu akiwa sokoni, muziki ulitoka safi mwanzo hadi mwisho. Nikatoka nje kutafuta sababu. Karakana ya jirani ilikuwa imefungwa! Ushahidi gani mwingine unatakiwa? Nikamwendea kwa heshima zote, nikamwomba asichomelee kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. "Mzee Waya," akaniambia, maana ndivyo mtaa unavyoniita siku hizi, "nina mageti ya watu hapa. Niyagandishe kwa mate?" Kinyozi wa mlango wa pili alicheka mpaka akamtia mteja wake mfereji kisogoni. Naomba wote wawili wahamishiwe kwenye transfoma nyingine, pamoja na mashine ya kusaga, pampu ya maji na taa za barabarani. Zahanati sina ugomvi nayo, mradi kina mama wajitahidi kujifungua nje ya saa nilizozitaja.

6. Mpangilio wa kugawa. Nimefikiri sana nikaona kosa liko kwenye foleni. Umeme ukifika mtaani, unapita kwanza kwenye mapasi na majiko ya watu, ndipo unifikie mimi ukiwa umeshachoka na umejaa kelele zao. Naomba nguzo yangu, transfoma yangu, na umeme upite kwangu kwanza. Mimi nikishautumia, wengine wagawiwe unaobaki. Kwenye masjala tulifanya hivyo na chai, na hakuna aliyekufa.

7. Mke wangu. Juzi nilimwomba jambo dogo: tuzime nyumba nzima, ibaki breka ya muziki tu, naye apikie mkaa uani, mbali na ule ukuta. "Miaka ishirini na tisa nakupikia nyuma ya ukuta huu," akasema. "Leo mimi ndiye uchafu wa umeme wako?" Akafunga begi, akaenda kwa dada yake. Kosa hili nalihesabu kuwa lenu. Mngeniletea umeme safi tangu mwanzo, nisingefika huko. Tangu aondoke sijapiga santuri hata moja, nimekuwa nikiandika barua hii. Nimeumia, Ndugu Meneja, na chai naichemsha mwenyewe na haina ladha.

Nasubiri mafundi wako siku yoyote ya kazi. Nisalimie wasoma mita, wapanda nguzo, mlinzi wa geti lenu na yule dada wa dirishani, ambaye natumaini alishiba.

Wako katika kusikiliza,
Karani mstaafu,
Nyumba ya kona, yenye chuma kwenye nyanya.

Nakala: Fundi umeme, Jirani wa kuchomelea, Jalada.

Nyongeza: Kabla ya kuifunga bahasha nimeweka santuri, ili nikuandikie hali ya mvumo wa leo. Friji ilikuwa inafanya kazi. Pasi niliiacha kwenye soketi. Jirani alikuwa anachomelea geti, cheche zinaruka mpaka barabarani. Muziki ulikuwa safi kabisa. Nimesikia pumzi ya mpiga tarumbeta, nimesikia hata kiti chake kikilia. Ulipofika kwenye kiitikio nikajikuta nasubiri kitu, na hakikuja. Nikaenda jikoni, nikasimama pale anapokatia vitunguu, na pale napo kimya. Ndipo nikakumbuka kwamba mke wangu huimba akiwa amefunga mdomo, bila mwenyewe kujua. Alikuwa anaimba hivyohivyo siku ya kwanza nilipomwona, kwenye foleni ya masjala, akisubiri cheti chake cha kuzaliwa. Faili lake lilikuwa mezani mbele yangu. Nikamwambia halionekani, ili asiondoke upesi.

Santuri sikuimaliza. Naomba uyafute malalamiko yote saba, pamoja na la kicheko cha fundi, ambacho sasa nimekielewa. La nne nashukuru nililifuta mapema, kwa kuwa shemeji ndiye atakayenifungulia mlango. Barua naituma hata hivyo, maana nimeshaipa namba, na barua yenye namba haitupwi. Posta iko njiani kwenda kwa shemeji. Ombi langu limebaki moja: wiki hii msikate umeme mtaani kwetu. Akikubali kurudi, nataka apite moja kwa moja jikoni, akute friji inanguruma na wimbo unakaribia kiitikio.