Bomba la Marikani la Bi Mayasa

Jumatatu, 2 Februari 2026
Bi Mayasa, mwenye ukumbi wa harusi Mtoni, anataka bomba la kitambaa litundikwe darini. Feni mlangoni, upepo usafiri ndani mita thelathini, utokee kwenye vitundu mpaka jukwaani. Ijumaa anamwoza bintiye Riyama. Akitoka jasho, wanja utashuka hadi kidevuni, tena mbele ya mawifi. Abdulrazak, fundi wa viyoyozi mwenye cheti, akatoa kikokotoo: eti upepo hujisugua na kitambaa, hupungua nguvu, apewe siku mbili apige hesabu. Mimi nimeshona kanzu miaka arubaini. Nikasema marikani ninayo, naanza leo. Kazi yangu.

Jumanne, 3 Februari
Hesabu nimepiga kwa udi. Chetezo mbele ya feni, kipande cha mita tano, nikahesabu mpaka harufu ikafika: tatu. Mita thelathini, basi, kumi na nane. Abdulrazak kaniamkia shikamoo, kisha kaniambia mishono niliyoikunjia ndani itausugua upepo zaidi, niigeuze nje. Marahaba, nikamjibu, na wewe vaa kanzu mishono nje uende msikitini.

Jumatano, 4 Februari
Majaribio. Karibu na feni bomba limevimba kama tumbo la bwana harusi wa mwaka wa pili. Kule jukwaani limelala kama soksi. Nimehesabu mpaka mia mbili. Mke wangu Bashira, niliyemweka jukwaani anuse udi, kasema ananinusa mimi tu. Bi Mayasa kanipa hadi kesho adhuhuri. La sivyo nishushe bomba langu, aingie Abdulrazak.

Alhamisi, 5 Februari
Nshapata! Feni nimeihamishia jukwaani. Bi Mayasa kakaa penye kiti cha bibi harusi, ushungi ukapepea, akacheka. Abdulrazak akauliza, "Na wa mlangoni je, mzee?" Nikamwambia wa mlangoni wana mlango.

Ijumaa, 6 Februari
Ushindi. Bashira kanihadithia yote. Wanja wa Riyama haukusogea hata unywele. Mawifi walipangwa mlangoni, na mlango ukafungwa, maana wanawake walishavua mabuibui. Wameroa jasho chapachapa, wakaondoka kabla ya pilau. Bi Mayasa anaapa hajapata kuona fundi kama mimi.

Jumamosi, 7 Februari
Hoteli moja ya Mbweni imenipigia simu. Ukumbi wa mita sitini, na upepo wanautaka sawasawa ncha zote mbili. Nimekubali papo hapo. Abdulrazak, masikini, kajitolea kunipigia hesabu bure. Nimemwambia asijisumbue: sitini ni thelathini mara mbili, na thelathini nshaishinda.