Spika ya Kushoto ya Baba Mkwe

Jumatano, 9 Mei 2007, Plovdiv
Baba mkwe, Mzee Metodi, ameondoka asubuhi kwenda kukanda magoti kwenye maji moto ya Hisarya. Anarudi Jumamosi. Jumapili anatimiza miaka sabini na tano. Kaniachia ufunguo nimwagilie nyanya za roshani. Nyanya tu, alisisitiza. Stereo isiguswe.

Stereo yenyewe ni ya mwaka sabini na mbili: amplifaya nzito, spika mbili za mbao. Kila sherehe, mwenye ruhusa ya kuweka santuri ni shemeji yangu Krum, fundi lifti. Miaka kumi na moja nimekaa mezani nikimtazama. Safari hii hapana. Nimejaza nyimbo mia tatu kwenye kicheza muziki changu cha mfukoni, kidogo kama kiberiti. Kilichobaki ni kukiunganisha.

Alhamisi, 10 Mei
Pini ya kicheza muziki ni nyembamba. Matundu ya nyuma ya stereo ni ya mviringo, kila moja lina vitobo vitano. Haviingiani. Mke wangu Zdravka kashauri nimpigie Krum, kaka yake. Nikamjibu sijafikia huko. Muuzaji mmoja kaniuzia waya wenye pini ya kila namna, akauliza nitachomeka tundu lipi. Nikasema najua.

Sijui.

Ijumaa, 11 Mei
Nimemwagilia nyanya. Kisha nikaivuta stereo kutoka ukutani. Matundu manne, maandishi yamefutika. Nikachagua la kwanza, nikafungua sauti yote, nikawasha. Ngurumo. Glasi zikalia kabatini, jirani wa chini akagonga bomba. Nikachomoa.

Nikajaribu tundu la pili, sauti chini. Muziki safi kabisa! Nikacheza peke yangu sebuleni. Mzunguko wa tatu nikagundua kitu: muziki unatoka kulia tu. Nikaweka sikio kwenye spika ya kushoto. Kimya. Nikachomoa waya, nikafungua redio ya stereo yenyewe. Kimya vilevile.

Nimeiua.

Jumamosi, 12 Mei
Mzee kafika saa nane mchana, kavua kofia, kawasha stereo asikilize habari. Nilisimama mlangoni na begi lake mkononi. Akaitazama spika ya kushoto kwa muda mrefu. Akanigeukia. Akauliza kama nyanya nilizimwagilia.

Nikasema ndiyo. Nikasikia mdomo wangu unaendelea wenyewe: "Na Krum alipita jana, Baba. Alikuwa anachokonoachokonoa huko nyuma."

"Aha," akasema Mzee. Basi. Aha tu.

Jumapili, 13 Mei
Wageni kumi na wanne. Krum kanikumbatia mlangoni, akasema Zdravka kamweleza habari za nyimbo zangu. "Leo weka wewe, shemeji. Mimi nimechoka kuinukainuka." Nikachomeka waya. Watu wakacheza, akina shangazi wakadai nyimbo zirudiwe. Hii ndiyo siku niliyoingoja miaka yote, na nilitamani ardhi inimeze.

Kabla ya keki Mzee akatuita jikoni, mimi na Krum. Akafunga mlango.

"Ognyan hapa kaniambia Ijumaa ulikuja kuchokonoa stereo," Mzee akamwambia Krum.

Krum akanitazama. "Ijumaa nilikuwa kwenye lifti ya hospitali kutwa nzima, Baba."

"Najua. Na ile spika je?"

"Imekufa tangu msimu ule aliofariki mama. Nilitaka kuifungua, ukanikataza."

"Upande ule ndio aliokuwa anakaa akifuma," Mzee akanieleza, taratibu, kama mtu anayenielekeza njia. "Akanyamaza yeye, ikanyamaza nayo. Nikaiacha."

Nikaomba radhi. Sauti ilitoka ndogo sana. Krum alikuwa anatazama dirishani. Mzee akanipa mikononi sinia la banitsa, ile pai ya jibini.

"Peleka kabla haijapoa. Na ule wimbo wa kwanza urudie, mwanangu. Ni mzuri."

Jumatatu, 14 Mei
Krum hapokei simu. Zdravka ananisemesha kwa ishara. Nimekaa nikatafakari sana makosa yangu, na nimeona pa kurekebisha.

Spika ile haijafa. Ni waya mmoja tu umelegea huko ndani, nina hakika. Mzee akiisikia inaimba tena atalia kwa furaha, na Krum atajua nani fundi. Keshokutwa baba mkwe yuko kwa daktari wa meno, saa tatu hadi saa tano, na ufunguo wake bado ninao.

Bisibisi nimeshanunua.