Mashahidi Wangu Wawili na Mashabiki wa Wakorea

Shoga yangu, wewe ninayekuaminia siri zangu, kaa kitako kwanza. Leo nimeadhirika. Na sikuadhirika kimyakimya ndani ya nyumba yangu, la. Nimeadhirika kwa spika! Mtaa mzima wa hapa kwetu Mkoani, Pemba, umesikia, mpaka wauza madafu kule barabarani. Naandika huku aibu haijanitoka, kwa hiyo ukiona herufi zimeruka nisamehe.

Naanza asubuhi.

Unajua kesho mwanangu Raiyya anapanda meli kwenda Unguja, chuo cha ualimu. Wa kwanza kwenye ukoo mzima. Mie mwenyewe unanijua, kusoma nimesomea ukubwani, darasa la jioni, huku baba yake ananiuliza chakula kiko wapi. Kwa hiyo chuo hiki cha Raiyya nimekiombea kwenye kila sijda. Begi lishafungwa. Bajia za safari zishakaangwa. Na alasiri wanawake wenzangu wa darsa tulishapanga kukutana barazani kwa Bi Ustadha, mwalimu wetu wa dini, tumsomee mtoto dua ya safari.

Basi nishasali, nishakunywa chai, nafuta meza. Simu ya Raiyya iko kwenye chaji, yeye anaoga. Simu ikawaka. Sikuichokora! Wallahi iliwaka yenyewe. (Nilisogea tu. Kidogo.)

Kwenye kioo kuna picha ya msichana mzuri. Nywele rangi ya waridi, midomo imepakwa, macho yamepigwa wanja. Nikasema moyoni, huyu ndiye rafiki yake wa huko chuo? Mbona kichwa wazi?

Raiyya akatoka msalani, taulo kichwani.

"Mwanangu, msichana huyu wa nani?"

"Si msichana, Mama. Mwanamme huyo. Mkorea. Mwimbaji."

Subhanallah! Nikakaa. Juu ya meza. Sikukiona kiti.

Na chini ya picha kuna ujumbe, umetoka kwenye grupu. Jina la grupu: Klabu ya Mashabiki, Tawi la Pemba. Tawi! Wana tawi kama chama cha siasa! Nikasoma: "Wenzangu, wiki hii tunavunja rekodi, hakuna kulala. Na tusisahau tulivyoapa, haolewi mtu mpaka waoe wao!"

Loo. Nikasoma tena, pengine sikuona vizuri. Niliona vizuri.

"Raiyya! Mmeapa?"

"Aa, Mama, mambo ya mashabiki tu hayo." Akachomoa simu, akaingia chumbani.

Mambo ya mashabiki tu! Mtoto anakwenda kulala dakhalia, bweni la chuo, mbali na macho yangu, kumbe keshakula kiapo kwa ajili ya mwanamme mwenye nywele za waridi!

Sasa mie si mtu wa kukurupuka. Hapa mtaani wanajua, Mama Raiyya hasemi jambo asilokuwa na hakika nalo. Na darasa la jioni mwalimu wetu alitufundisha vizuri kabisa: habari ukiipata usiimeze, ihakiki kwanza. Nikasema, vyema, nitahakiki.

Nikachukua simu yangu. Kuandika kwangu kwa polepole, kwa hiyo nikatuma sauti kwenye grupu la darsa. Nilisema hivi, na nakuomba ushike kila neno: "Assalaam alaykum dada zangu. Mie nauliza tu, mwenye kujua anihakikishie, ni kweli kuwa hizi klabu za mashabiki wa Wakorea zinawaapisha wasichana wetu wasiolewe, na washavunja rekodi ya dunia, wako wengi kuliko mahujaji, au ni uzushi mtupu?"

(Hiyo ya mahujaji sijui niliitoa wapi. Ilinijia tu mdomoni. Nilikuwa na hasira.)

Huku nasema, huku baba yake ananipigia kelele kutoka chumbani, yuko kwenye vita vyake vya kila asubuhi vya kutafuta nguo. Nikamaliza hivyo hivyo, nikenda kumsaidia.

Kurudi, majibu yamejaa! "Astaghfirullah." "Allah atuhifadhie vizazi vyetu." "Ahsante sana kwa kutuzindua." Nikashangaa kidogo. Mie nimeuliza swali, mbona wananishukuru? Nikasema basi, kumbe wenzangu wanalijua zamani, mie ndiye niliyelala.

Hazijapita saa nyingi, simu ikalia. Wifi yangu yule aliyeolewa Maskati.

"Wifi, umesikia balaa la Wakorea?"

"Na huko limefika?"

"Limefika! Jirani yangu hapa kanisimulia sasa hivi, yeye kalipata kwa mtu wa kuaminika kabisa. Wasichana wanaapishwa wasiolewe! Na wako wengi kuliko mahujaji!"

"Kuliko mahujaji?" Neno langu lile lile!

"Tena wanafunga, wifi. Kila siku aliyozaliwa yule mkubwa wao, wanafunga."

Wanafunga! Na wangu kufunga Sita ya Shawwal mpaka nimgombeze!

Shahidi wa kwanza huyo. Na wifi yangu si mtu wa uongo, halafu yuko Maskati, mtandao wao haukatiki.

Adhuhuri akafika Bi Mgeni kutoka Chokocho, kaja mapema kwa ajili ya dua, kaleta na ndizi. Huyu ni mama mtu mzima, hakosi darsa ingawa kwenye grupu hayumo, hasengenyi mtu. Sikumwambia kitu mie. Sikufungua mdomo! Mwenyewe hata kiatu hajavua:

"Mama Raiyya, watoto wanatekwa na Wakorea!"

"Bi Mgeni, umelipata wapi?"

"Nimeletewa sauti na ndugu yangu wa Wesha. Mwanamke msomi anasema, nasikia ni daktari mkubwa huko Unguja. Wanakula kiapo! Washavunja rekodi, wako wengi kuliko mahujaji! Na nasikia wananyolewa nyusi!"

(Za nyusi zilikuwa mpya. Lakini kiapo na mahujaji vimelingana vile vile.)

Hapo nikatulia. Siye hapa hata mwezi wa Idi hatuukubali mpaka wapatikane mashahidi wawili waadilifu. Haya, mmoja wa Maskati, mmoja wa Chokocho. Hawajuani. Hawajaonana. Maneno yao mamoja. Unataka nini tena? Nikasema, hili limethibiti. Mwezi umeandama.

Nikaingia chumbani kwa Raiyya. Nikalifungua begi. Nikaanza kurudisha nguo kabatini, moja baada ya moja.

"Mama, unafanya nini?"

"Huendi."

"Siendi wapi?"

"Chuo. Huendi mpaka utubu kiapo chako. Na ukishatubu tutazungumza mwakani."

Hakulia. Afadhali angelia. Alichukua baibui lake jipya, lile la chuo, akalikumbatia. Baba yake akachungulia mlangoni.

"Umehakikisha lakini, mama watoto?"

"Nimehakikisha! Mashahidi wawili!"

Akarudi zake nyuma.

Alasiri. Baraza ya Bi Ustadha imejaa. Kahawa ipo, haluwa ipo, ubani unafuka. Spika ya madrasa ishawekwa, ile wanayotumia watoto kwenye kasida, maana Bi Ustadha siku hizi sauti yake haifiki mbali. Raiyya kakaa pembeni na shoga yake Zuhura, macho mekundu. Bi Ustadha akanyanyua mikono aanze dua.

Nikasimama. Mie huyu. Nikachukua maikrofoni.

"Bi Ustadha, samahani. Dua hii isimame. Mwanangu hasafiri." Na nikaeleza yote. Kiapo. Rekodi. Mahujaji. Kufunga. (Na nyusi nikazitia.) Watu wakashika midomo. Mama mmoja akamgeukia binti yake akamkagua nyusi pale pale.

Raiyya akasimama. Sauti ndogo, lakini imenyooka. "Mama, nani kasema haya?"

"Mashahidi wawili waadilifu. Shangazi yako wa Maskati, na Bi Mgeni yuko hapa mbele yako."

"Bi Mgeni, shikamoo. Wewe umeyasikia wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kwenye sauti ya yule daktari. Ninayo humu kwenye simu, ila sijaisikiliza mpaka mwisho."

"Naomba tuisikie sote."

Nikasema naam! Nani anaogopa? Tena nikasema mwenyewe, kwa mdomo wangu huu: "Itieni kwenye spika, kila mtu asikie!"

Zuhura akaiunganisha. Ikalia krrr. Halafu sauti ikatoka, nene, imepita kwenye simu nyingi mpaka imechakaa:

"...zi klabu za mashabiki wa Wakorea zinawaapisha wasichana wetu wasiolewe, na washavunja rekodi ya dunia, wako wengi kuliko mahujaji..."

Nikatikisa kichwa kwa uchungu. Wallahi nilisema moyoni, mwanamke huyu anazungumza vizuri, inaonekana kasoma.

Na hapo hapo, kwenye spika, ikapasua sauti ya mwanamme kutoka mbali:

"MAMA RAIYYAAA! SARUNI YANGU YA BULUU UMEITIA WAPI?"

Mtaa mzima ulisikia. Kule barabarani mtu akajibu, "Itazame uani, Mzee Hamad!"

Daktari mkubwa wa Unguja, shoga yangu, ni mie.

Unanijua nnavyotuma sauti. Naanza kusema, halafu ndio nakumbuka kubonyeza. "Mie nauliza tu, mwenye kujua anihakikishie, ni kweli kuwa" yote imebaki hewani jikoni kwangu. Halafu baba yake aliponguruma nikaachia kidole, na "au ni uzushi mtupu" nikaliambia birika la chai. Kilichotoka nyumbani ni katikati tu. Swali langu limekatwa kichwa na miguu, likapita Wesha, likapita Chokocho, likavuka bahari mpaka Maskati, likarudi kwangu na nyusi.

Na mie nikalipokea. Nikalikaribisha. Nikalifungulia begi la mwanangu.

Bi Ustadha alijitahidi, Mungu anamjua. Aliziba mdomo kwa mtandio. Mabega yanaruka. Akasema, "Mama Raiyya, mashahidi wako waadilifu, sikatai. Lakini walichokiona si mwezi. Wameona taa ya uani kwako!"

Basi! Baraza ikaanguka. Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bi Mgeni anajipiga mapaja: "Kumbe daktari ni wewe! Na mie nilivyokusifu njia nzima!"

Mie nimesimama tu, maikrofoni mkononi, sijui niiweke wapi.

Raiyya hakucheka. Akaja mbele na simu yake. "Mama, sasa tuhakiki kweli. Njoo uone." Akanionesha mwenyewe, ukurasa wa klabu ile ile ya huko Korea. Kuingia unajaza jina, unalipa ada, unapewa kadi. Kiapo hakuna. Nikatafuta mpaka chini kabisa, hakuna. Rekodi ipo, ni ya santuri walizouza. Ya wingi wa mashabiki kila mtu anataja idadi yake, hata wenyewe hawakubaliani.

"Na mahujaji?" nikauliza.

"Mahujaji umewatia wewe, Mama."

"Na kuapa kutoolewa?"

Raiyya akamtazama Zuhura. Zuhura akajifunika mtandio uso mzima. "Ujumbe ule niliuandika mie, nilitania tu, Mama," akasema kutoka ndani ya mtandio. "Mie mwenyewe nnaolewa mwezi wa Mfunguo Tatu, mahari ishapokelewa." Na ni kweli! Mie mwenyewe nilikula haluwa ya posa yake!

Halafu mwanangu akaniuliza taratibu, watu wote wanasikia, maana maikrofoni nilikuwa bado nimeishika: "Mama, niende nisiende?"

Shoga yangu, kicheko chote kilikatika. Nilimuona ana lile baibui jipya, kalikunja chini ya kwapa, kumbe amekuja nalo. Nikasema kwenye spika ile ile iliyoniadhiri: "Utakwenda, mwanangu. Na mbele ya wanawake hawa nakuomba radhi. Bi Ustadha, tusomee dua." Akasoma. Niliitikia amin kwa nguvu kuliko wote, na machozi yakanitoka. (Ubani ulikuwa mwingi.)

Tumerudi, begi tumelifunga upya pamoja, na bajia nimeziongeza. Lakini usinione nimelegea. Kuhusu zile nywele za waridi msimamo wangu haujasogea hata kidogo. Nimemwambia picha ile aibadilishe. Kaibadilisha, kaweka yangu, nimesimama na maikrofoni, mdomo wazi. Zuhura ndiye aliyepiga. Sasa najiuliza kama Mkorea hakuwa afadhali.

Usinicheke, shoga yangu. Au cheka, lakini unifanyie na hili. Sauti yangu ishafika nisikokujua, na mpaka jioni hii kuna mama wa Wete kanipigia kunionya kuhusu Wakorea. Kwa hiyo chukua kisa hiki ukipeleke kwa kila mtu, kila grupu, kila pahala ile sauti ilipopita, kizima, kichwa na miguu yake. Na wifi yangu wa Maskati anasema huko watu hawaulizi tena habari za Wakorea, wanauliza jambo jingine kabisa, basi na hilo uwafikishie jibu lake: saruni imepatikana. Mwenyewe alikuwa kaikalia.