Kura ya Mahindi na Maharage

Jumatatu, 5 Juni 2006
Balaa! Romani kahamia kwa Mikidadi, mwenye mashine jirani na yangu. Wiki iliyopita Kasimiri, leo Romani. Msimu wa alizeti ndio kwanza umepamba moto, magunia ya Sigino na Mutuka yamejaa hadi mlangoni, na mimi Shaaban, mwenye mashine ya kukamua mafuta inayojulikana Babati nzima (karibu nzima), nimebaki na watu watatu: Aniceti wa mashine, Edda wa chujio, Amos wa magunia. Aniceti akiondoka nimekwisha. Mimi hata kuiwasha sijui. Mikidadi kanipita na pikipiki yake, kapiga honi mara mbili. Honi ya dharau, naijua.

Siti, mke wangu, anayeuza mafuta dukani hapo mbele, kasema niwaulize watu kinachowakera. Ushauri gani huo? Nikiwauliza si wataniambia!

Jumanne, 6 Juni
Nimewauliza. Wote wamesema hakuna shida, bosi. Aniceti kasema hivyo huku anatazama upande wa kwa Mikidadi.

Jioni redioni kulikuwa na mtaalamu: mwajiri mwerevu hukusanya maoni kwa siri, msemaji asijulikane. Yule mtu alikuwa anaongea na mimi! Nimepata mbinu. Kura! Aliyeridhika atie mahindi kwenye sufuria, mwenye kero atie maharage, kadiri ya moyo wake. Kero ndogo, kiganja. Kubwa, bakuli. Hakuna jina, hakuna mwandiko. Nimejipongeza kwa soda.

Siti kauliza kama naye atapiga kura. Nikamwelewesha kwamba yeye si mfanyakazi, ni mke. Anaomba Ijumaa moja tu duka lifungwe, aende kwa dada yake Bonga. Nikasema tutaona. Hiyo si kero, ni ombi.

Jumatano, 7 Juni
Wamekataa sufuria ikae ofisini kwangu. Hawaniamini! Nimeipeleka kwa Mama Zawadi, mama ntilie wetu nje ya geti, ikakaa nyuma ya pazia la jiko lake. Sikumwambia ni ya nini. Kura ni siri. Wamepita mmoja mmoja. Nikajipitisha na mimi, nikamimina bakuli mbili za mahindi. Si wizi, ni kutia watu moyo.

Jioni nikachungulia. Maharage yamefunika mahindi yangu yote. Watu watatu tu! Wasio na shukrani. Nimekosa hamu ya kula. (Nimekula kidogo.) Kesho nitapima vizuri.

Alhamisi, 8 Juni
Kura zangu zimechemshwa! Mama Zawadi alikuta mahindi na maharage sufuriani, akadhani hatimaye nimekumbuka kuwalisha watu wangu, akayaloweka, asubuhi akayabandika. Na kitunguu katia. Nimefika saa sita nakuta matokeo yananukia mtaa mzima. Nimepiga kelele. Kanijibu kwa adabu kabisa kwamba tangu azaliwe hajaona mtu akichanganya mahindi na maharage kwa kazi nyingine, Baba Amna (ndivyo anavyoniita, kwa jina la mwanangu), na kwamba mkaa nitalipa mimi.

Ningefanyaje? Nikakaa benchi moja na wafanyakazi, tukala makande. Sijawahi kukaa nao. Sahani ya pili, Edda akaangua kicheko, akasema anatafuna malalamiko yake mwenyewe. Amos akapaliwa. Nikauliza, malalamiko gani hasa? Aniceti akafuta mdomo, akasema mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Zamani kila Jumamosi kila mtu alibeba ndoo ya mashudu kwa ajili ya ng'ombe wake. Tangu niamue kuyauza yote, maziwa yamekauka, watoto wanakunywa chai ya rangi. Mikidadi anagawa. Ndicho kilichomwondoa Romani, na yeye Aniceti alikuwa ahame Jumatatu.

Mashudu! Na mimi nimeshawaagizia kofia zenye jina langu! Nimeona aibu kweli. Halafu nikafurahi, maana mashudu yaliyokosa mnunuzi yamerundikana nyuma ya mashine hadi dirishani.

Jumamosi, 10 Juni
Wameondoka na ndoo zao, wanaimba. Aniceti kasema haendi popote. Jioni Romani kaja kuuliza kama nafasi yake bado ipo. Ndoo kaja nayo kabisa! Nimepita kwa Mikidadi na baiskeli, nikapiga kengele mara tatu.

Siti kakumbusha habari ya Ijumaa. Nikamwonyesha kwamba Ijumaa ilikuwa jana.

Jumapili, 11 Juni
Nimeutafakari ushindi wangu. Ukweli ni huu: mwajiri mwerevu huyagundua mambo mwenyewe. Hakuna haja ya kumuuliza mtu tena. Yule mtaalamu wa redio anitafute, nimfundishe.

Mchana nilimwomba Siti anipikie makande kama yale. Kaleta sinia nzima ya maharage matupu. Hakuna hata punje moja ya hindi! Kasimama mlangoni, mikono kiunoni, ananitazama nikila. Nadhani mahindi yamekwisha ndani. Nimemaliza yote, nikalamba na vidole. Matamu ajabu. Mwanamke huyu hana kero hata moja.