Kahawa ya Watu Kumi na Mmoja, Mmoja Bila Sukari

Lagoa do Pequi,
Jumatatu asubuhi

Kwa Mheshimiwa Dokta Hermógenes Paiva,
Mkuu wa Polisi wa Serikali Kuu katika jimbo letu.

Mheshimiwa Dokta,

Natumai barua hii itakukuta mzima, simu iko mkononi na chaji imejaa, maana siku simu yako ikizimika sijui polisi wa nchi hii watajuaje la kufanya.

Mimi ni Osvaldir Quintão, karani wa kituo cha Lagoa do Pequi, umri miaka hamsini na mmoja. Shule yangu ni ya sekondari pamoja na kozi ya kupiga chapa. Kwa miaka ishirini na miwili nimeandika maelezo ya mashahidi, na chini ya kila karatasi nimeweka yale maneno yetu sisi makarani: nashuhudia kwa imani yangu. Hunijui sana. Ila mwaka juzi ulipokuja kukagua kituo uliisifu kahawa yangu, ukaniita Osmar.

Naandika kulalamika. Nimesikia Dokta Zulmira Cordeiro, mkuu wa kituo chetu, anahamishiwa kule mpakani, siku nne kwa boti, kwa kosa la kuvujisha siri ya operesheni. Boti inaondoka Alhamisi. Mimi siyapingi maagizo kutoka juu. Maagizo kutoka juu ni kama mvua, mtu hagombani nayo, anatafuta pa kujibanza. Ninachodai ni haki yangu tu. Siri ile niliivujisha mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe, bila msaada wa mtu. Sasa sifa kapewa mwingine. Hii ni haki kweli?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Dokta Zulmira hafundishiki. Katoka kusini, huko wanakokunywa kahawa chungu. Sisi hapa, kama unavyojua, kahawa inachemshwa na sukari yake humo humo, mtu haulizwi. Yeye haigusi. Imenibidi miaka mitatu nibebe chupa mbili: kubwa ya watu, na ndogo yake, nimeibandika plasta nikaandika "bila sukari". Na kama alivyo kwenye kahawa ndivyo alivyo kwenye simu. Ofisi ya Seneta Teobaldo Fagundes ilipiga kwa upole kabisa: "Dokta, Seneta anauliza tu kama mna shida yoyote huko." Yeye akajibu: "Tunayo moja. Simu hii." Akakata! Kisha akaniambia, "Osvaldir, andika kwenye daftari: nani kapiga, saa ngapi, alitaka nini. Kilichoandikwa hakinong'onwi." Mheshimiwa, fikiria uchungu wa Seneta. Kabeba taifa zima bega hili, bega la pili kambeba mpwa wake ambaye ndiye Meya wetu, halafu anakatiwa simu na mwanamke asiyeweka sukari.

2. Dokta Zulmira anaamini wapishi. Dona Nair, mpishi wa shule ya msingi miaka kumi na tisa, alikuja kituoni mwenyewe, aproni kiunoni. Karatasi za Meya Wanderlino zinasema watoto wanakula nyama ya ng'ombe mara tatu kwa wiki, na serikali kuu ndiyo inayoilipia. Watoto wanapewa biskuti na maji ya rangi. Maelezo yake niliyaandika mimi. Nikamuuliza kama sheria inavyotaka: je, shahidi amewahi kumwona ng'ombe huyo? Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, ng'ombe wa shule hii nimemwona kwenye karatasi tu. Hata mkia hajawahi kutuletea." Mkuu mwenye busara angemwambia mama, nenda nyumbani, Meya ana tai na wewe una aproni, nani ataaminika? Dokta Zulmira akamvutia kiti.

Unajua desturi yetu, kila operesheni lazima iwe na jina, na kituoni kwetu jina natoa mimi. Ndiyo starehe yangu pekee kazini. Hii nikaiita Ng'ombe wa Karatasi. Nilijisifu siku nzima.

3. Hapa ndipo kazi yangu ilipoanza, na naomba usome polepole. Jumapili kabla ya operesheni nilikuwa kwenye nyama choma kwa Juvenal. Juvenal ndiye mshika mkoba wa Meya, lakini pia ndiye aliyemsimamia binti yangu ubatizo, kwa hiyo tunaitana kumpadre, na kumpadre hakataliwi mwaliko. Hakuniuliza kitu, nataka hilo lieleweke. Wanasiasa wetu ni waungwana, hawaulizi. Alinitania tu mbele ya mashemeji zake.

"Jamani, mwoneni kumpadre wangu! Polisi mzima, na silaha yake ni chupa ya kahawa!"

Wakacheka. Shemeji mmoja akasema, "Akipiga risasi inatoka povu."

Mimi nina nyongo, Mheshimiwa, na siku ile nilikuwa na bia pia. Nikawaambia: "Chekeni. Bila mimi hakuna operesheni. Alhamisi hii naamka kabla ya jogoo, nichemshe kahawa ya watu kumi na mmoja, na ile chupa ndogo ya yule mama, yenye plasta yangu, maana yeye hataki sukari."

"Hataki sukari?" Juvenal akauliza.

"Hata chembe. Na jina la operesheni nimelitoa mimi. Ng'ombe wa Karatasi!"

Kipande cha nyama kikasimama njiani, nusu ya safari ya kwenda mdomoni kwa Juvenal. Kisha akakila, akanipigapiga mgongoni, akaniongezea unga wa muhogo wa kukaanga kwenye sahani. "Kumpadre, wewe ni mtu mkubwa sana." Akaenda ndani kutafuta chumvi, akakaa huko dakika ishirini. Nikamaliza sahani. Nilijiona nimezungumzia kahawa tu.

Wahenga wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu, ndiyo maana nasema kazi yangu haikuwa ya kawaida.

4. Hili nimelikata. Lilikuwa kweli tupu na halikuwa na adabu.

5. Alhamisi saa kumi na mbili, jua linachomoza, maana sheria hairuhusu kugonga nyumba ya mtu kwenye giza, tulifika kwa Meya. Watu kumi na mmoja. Mlango ulikuwa wazi. Meya kanyoa, kavaa tai, marashi hadi barabarani. "Karibuni, vijana, karibuni! Dokta, umelalaje?" Na mezani, Mheshimiwa, kitambaa cheupe, vimkate vya jibini vinatoa moshi, vikombe kumi na kimoja. Kumi vimezunguka chupa kubwa. Cha kumi na moja kiko peke yake, na kando yake chupa ndogo yenye plasta: "bila sukari".

Hata mwandiko walijaribu kuufananisha na wangu.

Kabati la karatasi ofisini kwake lilikuwa tupu, limepakwa rangi upya, bado mbichi, likatuchafua mikono. Tukaenda shuleni. Friji ambalo siku zote hukaa na barafu na ndimu lilikuwa na mapaja mawili ya ng'ombe. Dona Nair alipolifungua akapiga ishara ya msalaba. "Jamani, kafufuka!"

Dokta Zulmira hakucheka. Pale kwa Meya aliitazama chupa ndogo muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Hakunipigia kelele, hakunitukana, na hili ndilo nalilalamikia kuliko yote, maana matusi ningeyajibu. Alisema tu: "Osvaldir, andika. Vikombe kumi na kimoja, kimoja bila sukari." Nikaandika. Nikaweka nashuhudia kwa imani yangu, nikafunga daftari kabla wino haujakauka. Toka siku ile naliandika neno imani kama mtu anayejaza fomu ya posta.

6. Watu wako walipokuja kuuliza nani kavujisha, nilikuwepo, nikipiga chapa. Wakamuuliza: "Unamshuku nani kituoni kwako?" Akajibu: "Kituo ni changu. Jibu ni langu." Mimi nikalipiga chapa jibu hilo, herufi kwa herufi, nimekaa umbali wa hatua mbili kutoka kwake, mdomo wangu, ule uliokuwa hodari kwenye nyama choma, umefungwa kama mlango wa benki sikukuu. Kwa hiyo yeye anapanda boti. Dona Nair naye katolewa jikoni, anafagia stendi ya mabasi. Watoto walikula nyama wiki moja, mpaka mapaja yalipokwisha. Biskuti zimerudi. Juvenal kapandishwa cheo.

Mimi? Hakuna aliyenishukuru.

Kutokana na hayo, naomba mambo haya yarekebishwe ili karani mwingine asidhulumiwe kama mimi:

Kwanza, kushinikizwa na wanasiasa kuwe rasmi. Hii ya kupitia kumpadre, shemeji na nyama choma inachosha watu na inaharibu ini. Liwekwe dirisha kituoni, na foleni, na namba. Maseneta Jumatatu, mameya Jumanne, wapwa Jumatano. Anayetaka uchunguzi uzimwe ajaze karatasi, abandike picha mbili.

Pili, vitambulisho vyetu viwe na picha ya mwanasiasa anayetumiliki, kama ng'ombe wanavyopigwa chapa, tusichanganyikane malishoni.

Tatu, tuache kupoteza muda kutafuta ushahidi. Kila baada ya uchaguzi hesabu ya kura ipo tayari. Aliyeshinda hana hatia, aliyeshindwa akamatwe. Na kwa wale wasiogombea kitu chochote, kama Dona Nair, wahesabiwe kuwa wameshindwa.

Nne, na hili ndilo ombi lenyewe, nafasi ile ya mpakani nipewe mimi. Niliifanyia kazi. Dokta Zulmira hana sifa ya kuipata, hakuvujisha hata tone. Nina chupa zangu, nina blanketi, na mke wangu amekubali, tena amekubali haraka kuliko nilivyotegemea.

Nisalimie nyumbani kwako, mama na watoto. Msalimie Seneta, mwambie tunashukuru kwa kutuuliza kama tuna shida. Msalimie Meya na ng'ombe wake. Ukimwona Juvenal kwenye moto wa nyama, nawe najua hukosi, mwambie binti yangu ameuliza kama mtu anaweza kubadilisha msimamizi wa ubatizo, na padri anaangalia kwenye vitabu.

Wako katika utumishi, anayekosea kwa sauti na kutubu kwa maandishi,

Osvaldir Quintão
Karani

N.B. Nilitaka kusahau. Wiki iliyopita uliagiza niipige chapa mimi taarifa ya mwisho ya kuvuja kwa siri, ile ya kumtia hatiani Dokta Zulmira, kwa kuwa napiga chapa safi na sina maswali. Niliipiga. Ila palipotakiwa jina la mvujishaji niliweka langu, na nyama choma yote, na Juvenal na zile dakika ishirini za chumvi, na vikombe, na plasta, na rangi mbichi. Nikaambatanisha na daftari la simu, pamoja na kurasa mbili za simu ulizotupigia wewe mwenyewe. Ijumaa nilikuletea ofisini. Ulikuwa unaongea na wakubwa wa makao makuu, Brasília. Uliziba simu kwa kiganja ukaniuliza, "Osmar, ni ile ile?" Nikakujibu, "Ni yenyewe, Dokta." Ukasaini kurasa zote kumi na nne bila kushusha macho.

Leo asubuhi nimeikabidhi kwa jaji na kwa mwendesha mashtaka, na risiti ninayo. Kwa hiyo barua hii huna haja ya kuijibu, wala dirisha halihitajiki tena. Polisi wa serikali kuu wamefanya kazi yao bila kumsikiliza mwanasiasa hata mmoja, na kwa saini yako. Hongera sana.

Nashuhudia kwa imani yangu. Safari hii imani ipo.