Daktari wa Mfalme na Utomvu wa Minyaa

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Kaka Leonardi kapiga simu kutoka Bunda. Madaktari wa macho watakuwa Musoma Ijumaa, siku moja tu. Ameshamwandikisha Mama atolewe mtoto wa jicho. Ameshamwandikisha! Mimi ninayeishi naye hapa Butiama, ninayemkorogea uji, sikuulizwa. Akifungua macho atamwona nani wa kwanza? Leonardi. Sifa zote Leonardi. Lazima nimwahi.

Jumanne, 4 Novemba
Neema imeshuka! Mwalimu Hyasinta wa baiolojia alisimama kwenye ua wetu wa minyaa. Akasema kitaalamu jamii yake ni Euphorbia, kwa sababu Mfalme Juba wa Afrika ya Kaskazini aliupa mmea jina la daktari wake, Euphorbus. Daktari wa mfalme! Basi utomvu wake ni dawa, hakuna ubishi. Mwalimu akaendelea, mara macho, mara hatari, sijui nini. Nilikuwa nimeshakwenda kutafuta kisu.

Jumatano, 5 Novemba
Mimi si mjinga. Dawa ya Mama naijaribu mwenyewe kwanza. Tone moja, jicho la kulia.
Yesu na Maria.

Ijumaa, 7 Novemba
Naandika kwa jicho moja. Lingine zahanati wameliosha, wakalifunga, hawaahidi kitu.
Leonardi alifika asubuhi na gari la kukodi. Mama alikuwa kando ya kitanda changu na kitambaa cha maji, akipapasa kuutafuta uso wangu. Akagoma kuondoka. Leonardi akabembeleza, akafoka, mwisho akalia pale mlangoni. Mama akamwambia, "Mimi giza nimeshalizoea. Huyu alikuwaga analiogopa tangu mdogo."
Nilimwomba aende. Nilimwomba kweli. Saa kumi madaktari walifunga, na hawajasema watarudi lini.

Jumapili, 9 Novemba
Mama kaniuliza kama nimeanza kuota mvi. Nina kipara tangu mwaka juzi. Nikamjibu bado, nikatoka nje kulia.
Mwalimu Hyasinta kaja kunipa pole. Nikamwuliza kuhusu lile gugu lenye maziwa linaloota nyuma ya choo. Akasema ni jamii ya Asclepias, jina lililotokana na Asklepio, mungu wa tiba wa Wagiriki wa kale.
Yule wa minyaa alikuwa daktari tu. Huyu ni mungu! Na jicho la kushoto bado ninalo.