Chupa ya Mwisho, na Kitanda cha Mutiso

Leo nimeaibika Kawangware mchana kweupe. Na kama ningejiharibia mimi peke yangu, ningecheka pamoja nanyi.

Kazi yangu mnaijua (mamangu bado hajaielewa). Ninazunguka kwa mafundi wa mbao nikitafuta wale mbawakawa wadogo wanaotoboa mbao, ili bosi wangu, tunayemwita Daktari, aorodheshe ni aina gani zinapatikana huku kwetu Nairobi. Nikimpata mdudu ninamtia kwenye chupa ndogo na kuandika mahali alipotoka. Daktari ana sharti moja: "Usitangaze kitu kabla hujamwona mdudu mwenyewe." Moja tu!

Asubuhi nimeanzia Kibera. Kwa mafundi wa mtaa wa Kambi Muru nikapata wawili. Kwa wale wa mtaa wa Mashimoni wengi, hadi nikabaki na chupa moja. Nikaingia Kawangware kifua mbele, mtaalamu mzima.

Fundi Mutiso ana kibanda kando ya barabara, ukuta mmoja na poshomili. Ni mtu wa Machakos, mpole, amepiga randa hapo miaka mingi. Nimemkuta akimkabidhi mteja kitanda. Na si mteja hivi hivi. Ni Mama Njoroge mwenye ploti, ambaye akimsifu fundi, wapangaji wake wote wananunua hapo. Kitanda kilikuwa cha mamake anayekuja kesho kutoka ushago, kule kijijini.

Nikainama. Ubao wa kichwani ulikuwa na vitundu vidogo, vimejipanga mstari (mdudu gani hupanga mstari? Sikujiuliza). Chini yake, vumbi laini la kahawia. Moyo ukaruka! Vumbi jipya ni dalili kwamba mdudu bado yumo, anatafuna.

"Hiki kitanda kinaliwa," nikasema. (Hakuna aliyeniuliza.)

"Kinaliwa na nani?" Mama Njoroge akageuka.

"Dudu za mbao. Mwaka moja tu, mtu ataanguka nayo."

Mutiso akashtuka. "Kijana, hiyo mbao nimekausha mwenyewe. Hizo shimo ni za..."

"Mzee, hii ndio kazi yangu."

Nilimkatiza! Mtu wa umri wa babangu. Hata sasa nikikumbuka najisikia vibaya.

Mama Njoroge akafunga mkoba. "Mutiso, ni mamangu unataka aanguke? Wacha niende kwa yule wa ng'ambo." Akavuka barabara.

Mimi nikalizoa vumbi, nikalijaza kwenye chupa ya mwisho, nikaandika "Kawangware" kwa mwandiko wangu mzuri. Ndipo mashine ya kusagia nafaka ya poshomili ikanguruma. Wingu jembamba likapanda juu ya mabati, likatua kwenye kitanda, kwenye stuli, kwenye kofia ya Mutiso na kwenye nywele zangu.

Nikaonja lile vumbi. Wimbi. Na karanga kwa mbali.

"Hiyo ni ya uji!" mama wa poshomili akaniitia dirishani. "Nikupimie kilo?"

"Na mashimo?" nikamuuliza Mutiso.

"Ni za misumari. Juzi niliweka kitambaa red hapo, huyo mama akakataa hiyo rangi, nikaing'oa. Ndio nilikuwa nakuambia."

Nikatoka mbio. Ng'ambo nikamkuta Mama Njoroge, kitanda kingine kimeshafungwa juu ya mkokoteni. Nikaungama yote, uji na misumari. Akanisikiliza vizuri tu.

"Sawa, angalau umesema ukweli. Lakini hii nimeshalipa."

Hapo ndipo nikaona, kwenye mguu wa kile kitanda kipya, kitundu kimoja cha mviringo, vumbi likimwagika, na kichwa cheusi kikichungulia. Mdudu mwenyewe! Hai!

"Mama, ngoja! Hii sasa ndio iko na dudu!"

Nikanyoosha kidole. Kichwa kikarudi ndani.

Akanitazama kwa huruma. "Si umetoka kuniambia huwezi jua dudu na uji?"

"Buda, enda ukunywe hiyo uji yako!" msukuma mkokoteni akasema, akicheka hadi akashika gurudumu. Nikatoa chupa, angalau nimngoje mdudu atoke. Ilikuwa imejaa unga. Nilipomaliza kuumwaga, mkokoteni ulishakata kona.

Nikarudi kwa Mutiso. Alikuwa anapangusa kitanda chake polepole, kwa kitambaa kile chekundu.

"Mzee, ile ya ng'ambo ndio inaliwa! Niende niambie watu?"

"Usiambie mtu kitu. Leo umenisaidia ya kutosha." Halafu akanisogezea stuli nikae. Angenitukana ningepata nafuu.

Daktari bado anangoja orodha ya Kawangware, na sina hata mdudu mmoja. Kitanda cha Mutiso nacho bado kipo, kizima, karibu na poshomili. Anayetaka kucheka, akinunue kwanza.